Nani Alipe Mtambo Uliovunjika Mara ya Pili?

Neno tunalotaka kulipima mwezi huu laonekana dogo, nalo laanzia penye mafuta machafu na nati zilizotawanyika chini ya mwembe wa fundi. Walakini ndani yake mna swali ambalo wenye hekima wamelihangaikia tangu zamani sana. Mtu ana motokaa ya mbio, yaani motokaa iliyoundwa kwa kasi na nguvu kupita zile za kupelekea watu kazini. Sanduku lake la gia likaharibika. Akalipeleka kwa fundi. Fundi akalifungua, akabadilisha vilivyovunjika, akalifunga, akapokea fedha zake. Hata baada ya siku chache, au baada ya mwezi, likavunjika tena. Mwenye gari asema, "Fundi, umeniharibia mali yangu." Fundi ajibu, "Mimi nalikufungia vizuri. Wewe umeliendesha kama mwenye wazimu." Kila mmoja ana hasira, na kila mmoja adhani haki iko upande wake. Basi ni nani alipe?

Kwanza yafaa tuujue mtambo wenyewe, maana watu wengi hugombana juu ya kitu wasichokijua. Sanduku la gia ndilo lichukualo nguvu ya injini na kuipeleka katika magurudumu, likiigeuza, mara iwe nguvu ya kuvuta, mara iwe kasi. Katika motokaa nyingi za mbio za siku hizi mna klachi mbili: moja yashika gia ya kwanza, ya tatu na ya tano, ya pili yashika gia ya pili, ya nne na ya sita. Moja ikifanya kazi, mwenziwe amekwisha kujiweka tayari, na kwa hiyo gia hubadilika kabla mtu hajapepesa jicho. Kazi yote yaamriwa na kompyuta ndogo, tena yatendwa na oili iliyosukumwa kwa nguvu. Oili hiyo ina kazi tatu kwa pamoja: kulainisha, kupoza, na kuzibana sahani za klachi. Ikiwa si ya aina iliyopasa, au imechafuka, au imepata moto kupita kiasi, kazi zote tatu zaharibika pamoja.

Na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Sanduku la gia laweza kufa kwa maradhi mengi, na mara nyingi maiti ni ile ile. Huenda fundi aliweka vyombo vipya lakini hakuosha mabomba ya kupozea oili. Chembe za chuma za ajali ya kwanza zilikuwa zimejificha humo, nazo zikarudi kuuma vyombo vipya. Huenda alikaza bolti kwa kukisia, pasipo kipimo. Huenda alisahau kuifundisha upya kompyuta mahali zinapogusana sahani za klachi, nazo zikawa zateleza na kuungua. Lakini huenda pia mwenye gari alikuwa amemtafuta mtu wa kumbadilishia programu ya injini, hata turbo ikasukuma hewa zaidi, na injini ikatoa nguvu ambazo walioliunda sanduku lile hawakuzihesabu. Au kila jioni hulisimamisha gari, huikanyaga injini hata ikapiga kelele, kisha huliachilia ghafula mbele ya rafiki zake. Wazee walisema ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Lakini sahani iliyoungua, ukiitazama peke yake, haikuambii ni nani aliyeiunguza.

Aristotle, mwalimu wa Wayunani, aliyezaliwa mwaka 384 na kufa mwaka 322 kabla ya Kristo, alitenga madhara ya namna tatu ambayo watu hutendeana. Ya kwanza ni bahati mbaya: madhara yametokea, na mtu mwenye busara hakuweza kuyatazamia. Ya pili ni kosa: yaliweza kutazamiwa, lakini aliyeyafanya hakuwa na nia mbaya. Ya tatu ni udhalimu: mtu alijua, naye akatenda. Twaona mgawanyo huu wafaa sana kwa fundi na mwenye gari, kwa sababu katika hasira yao wote wawili huruka moja kwa moja hata kwenye la tatu. Mwenye gari humwita fundi mwizi, hali huenda ni mtu aliyesahau bomba moja. Fundi humwita mwenye gari mwongo, hali huenda hakujua kwamba programu ile ingelitesa sanduku. Walimu wetu wanaofundisha Katekisimo waijua amri ya nane, na jinsi inavyotutaka tuyatafsiri mambo ya jirani kwa wema. Wala amri hiyo haikomi mlangoni pa gereji. Hata hivyo kumwondolea mtu jina la mwizi si kumwondolea deni. Aliyekosa bila nia mbaya bado amekosa, na mali ya mwenzake bado imevunjika.

Sheria za kale zilikuwa na macho makali katika jambo hili. Hammurabi, mfalme wa Babeli, aliyetawala hata karibu na mwaka 1750 kabla ya Kristo, aliziandikisha sheria zake katika jiwe jeusi refu. Jiwe hilo lilifukuliwa Susa, katika nchi ya Waajemi, katika miaka ya 1901 na 1902, na sasa limo katika nyumba ya makumbusho ya Louvre, Paris. Mna humo sheria ya mafundi wa vyombo vya majini: fundi akikiziba chombo cha mtu wala asikitengeneze imara, nacho kikaonyesha ila yake mwaka ule ule, sharti akibomoe na kukitengeneza upya kwa mali yake mwenyewe, kisha amrudishie mwenye chombo. Angalieni maneno haya: mwaka ule ule. Mfalme hakumfunga fundi maisha yake yote. Maana chombo kikiisha kukaa majini miaka mitatu, hakuna awezaye kutenga kazi ya fundi na kazi ya mawimbi. Vivyo hivyo sanduku la gia likivunjika siku ya pili baada ya kufungwa, fundi ndiye wa kwanza kuulizwa, na ni juu yake kueleza. Likivunjika baada ya miezi mingi ya mashindano, swali limehama, na mwenye gari ndiye apaswaye kueleza jinsi alivyoliendesha. Haki haikugeuka, lililogeuka ni nani mwenye mzigo wa maelezo.

Torati nayo, katika kitabu cha Kutoka mlango wa 22, yapima jambo hili kwa uangalifu kuliko tunavyodhani tunaposoma upesi. Mtu akimpa jirani yake mnyama amtunzie, naye akafa au akaumia pasipo mtu kuona, kiapo kitakuwa kati yao. Akiibwa kwake yule mtunzaji, mtunzaji atalipa. Akiraruliwa na mnyama wa mwitu, mtunzaji auleta mzoga kuwa ushahidi, naye halipi. Tena, mtu akimwazima mnyama wa mwenzake, naye akaumia, atalipa. Ila mwenyewe akiwapo pamoja na mnyama wake, aliyeazima halipi. Kwa nini kuwapo kwa mwenyewe kuwe na uzito hivyo? Twadhani ni kwa sababu aliyekuwapo aliona jinsi mnyama wake alivyotumiwa, naye aliweza kukataza. Hayupo, hajui; na asiyejua amekabidhi mali yake pamoja na imani yake. Mwenye gari alipoliacha gari lake gereji siku tano alikabidhi hivyo. Na fundi alipolirudisha, naye akawa mtu asiyekuwapo: hajui barabara wala mguu wa mwendeshaji. Kila mmoja ana nusu ya habari, na nusu aliyo nayo ndiyo ile ambayo mwenzake hawezi kuiona.

Kuna hadithi ya Waajemi ambayo yafaa tuitaje hapa. Saadi, katika kitabu chake Gulistan cha mwaka 1258, asimulia habari za mtu aliyeumwa macho, akaenda kwa tabibu wa wanyama. Tabibu yule akamtia macho dawa awatiayo wanyama, na mtu akapofuka. Wakaenda kwa kadhi. Kadhi akaamua kwamba tabibu halipi kitu, kwa maana mgonjwa asingalikuwa punda asingalikwenda kwa tabibu wa punda. Watu hucheka wakiisikia, na sisi twakubali kwamba kicheko kile kina haki ndani yake. Mwenye motokaa ya thamani kubwa, ambayo sanduku lake lataka vyombo maalumu na kompyuta ya kusomea makosa, akimpelekea fundi ambaye maisha yake yote ametengeneza malori, kwa sababu bei yake ni theluthi tu ya bei ya wengine, hawezi kusema hakuchagua. Amechagua, na sehemu ya hasara aliinunua siku ile ile pamoja na bei rahisi.

Lakini kadhi yule hatumkubali kabisa. Mgonjwa alikuwa na maumivu, na mtu mwenye maumivu hukimbilia mlango wa kwanza. Tabibu hakuwa na maumivu. Alijua yeye ni tabibu wa nani, aliijua dawa yake, na neno moja tu lilitakiwa kwake: "Ndugu, hii si kazi yangu." Wanasheria wa Roma waliona vizuri zaidi kuliko kadhi wa hadithi, kwa kuwa waliuhesabu upungufu wa ujuzi wa fundi kuwa ni kosa lake. Si kwamba kutojua ni dhambi. Kila mtu hajui mambo mengi. Kosa ni kuishika kazi huku hujui, na kumwacha mwenzako aamini kwamba wajua. Nasi twaona neno "sijui" ni zito sana katika kinywa cha fundi. Wanafunzi wake wanamtazama, mteja ameshika fedha mkononi, jirani yake mwenye gereji ya pili anangoja. Amwache aende? Hapo ndipo fundi hujiambia kwamba gia ni gia, na kwamba akiisha kulifungua ataelewa. Pengine huelewa kweli. Asipoelewa, amejifunzia katika mali ya mtu, na ada ya masomo yampasa yeye kuilipa.

Upande wa pili uko mwenye gari afichaye. Fundi amwuliza, "Injini hii imeguswa?" Naye ajibu, "La, ni kama ilivyotoka kiwandani," kwa kuwa aogopa bei itapanda, au dhamana itakataliwa. Fundi akaweka sahani za nguvu ya kawaida, maana ndizo zilizofaa kwa gari aliloelezwa. Mficha maradhi kifo humwumbua. Mtu wa namna hii, sanduku likivunjika, twaona hana madai, hata kama fundi naye alikuwa na upungufu mdogo. Kwa maana aliiondoa mikononi mwa fundi ile habari moja ambayo kazi yote iliitegemea. Na ikiwa fundi hakuuliza? Basi tena twarudi kwa fundi. Mwenye gari si mjuzi, hajui lipi la maana na lipi si la maana; kuuliza ni sehemu ya ufundi, kama kukaza bolti kwa kipimo.

Wako watu wasemao kwamba magomvi haya hutokea kwa mafundi wa chini ya mwembe tu, na kwamba penye kampuni kubwa mambo huwa wazi. Na tutazame. Mwezi wa Desemba 2007 kampuni ya Nissan ilianza kuuza huko Japani motokaa yake ya mbio iitwayo GT-R, na mwaka 2008 ikaanza kuiuza Marekani. Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 480, na sanduku lake la gia la klachi mbili liliwekwa nyuma ya gari. Ndani yake kulikuwa na kitufe cha kuuzima mtambo uzuiao gari lisiteleze. Mwendeshaji akiuzima, kisha akafuata utaratibu fulani, gari liliruka kutoka kusimama kwa nguvu ya ajabu. Watu wakalisifu, wenye magari wakalijaribu, na masanduku ya baadhi yao yakavunjika. Walipodai dhamana, kampuni ikawakatalia, kwa kuwa kitabu cha gari kilionya ya kwamba madhara yatokeayo wakati mtambo ule umezimwa hayamo katika dhamana. Bei ya sanduku jipya ilitajwa kuwa dola 20,000 hivi.

Ni nani mwenye haki? Wenye magari walisema: mmetuuzia gari la mbio, mmelisifu kwa mbio, mmeweka kitufe kwa mikono yenu, na sasa mwatutoza kwa kukigusa. Ni kama mtu aliyejenga nyumba yenye mlango, kisha awadai fidia wapitao mlangoni. Kampuni nayo ingeweza kujibu: mlango tuliuweka kwa ajili ya siku ya dharura, gari likikwama katika matope au theluji, na juu yake tuliandika onyo, ninyi mmesoma, mmepita. Sisi twaona onyo lililoandikwa lina nguvu, lakini nguvu yake hupungua kadiri kitu chenyewe kinavyomwalika mtu kutenda lile linalokatazwa. Onyo la kutopanda juu ya paa lamtosha mwenye nyumba. Lakini akiisha kuweka ngazi na kuwaita watoto, asilitegemee sana onyo lake. Baadaye kampuni ilibadili programu ya kompyuta kwa magari ya mwaka 2010, ili gari liondoke kwa upole zaidi, na waliokuwa na magari ya kwanza nao waliweza kupata programu mpya. Wengine walisema huko ni kukiri kosa. Hatusemi hivyo; mtu aweza kuzibua mfereji bila kukiri kwamba yeye ndiye aliyeuziba. Lakini badiliko lile lilionyesha wazi kwamba dawa ilikuwa mkononi mwa aliyeliunda gari, wala haikuwa mkononi mwa mwendeshaji tu.

Sheria za nchi mbalimbali zimejaribu kuyaweka mambo haya katika mistari. Huko Marekani sheria ya mwaka 1975 yazuia kampuni kumnyima mtu dhamana kwa sababu tu ametumia spea za mwundaji mwingine. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2015, yamtaka afanyaye kazi kwa malipo aifanye kwa uangalifu na ustadi upasao. Asipofanya hivyo, mteja aweza kudai kazi irudiwe au bei ipunguzwe. Na sheria ya mapatano ya Bara Hindi ya mwaka 1872, iliyotumika zamani hata huku kwetu Afrika ya Mashariki, ilimtaka mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama mtu mwenye busara atunzavyo mali yake mwenyewe. Tena ilimpa fundi ruhusa ya kukizuia chombo alichokifanyia kazi hata alipwe. Angalieni kwamba sheria hizi za kazi hazisemi chombo lazima kipone. Zataka uangalifu na ustadi. Fundi ni kama tabibu: hakuahidi uzima, aliahidi kutibu ipasavyo.

Kwetu liko jambo moja linaloyatatanisha zaidi mambo haya, nalo ni sanduku lililotumika. Magari mengi huja kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumiwa, na vivyo hivyo masanduku ya gia. Huuzwa Kariakoo katika Dar es Salaam, na katika barabara ya Kirinyaga huko Nairobi. Hakuna ajuaye limepita mikononi mwa nani. Hapo sasa wako watatu: mwenye gari, fundi, na mwuza spea. Kanuni yetu ni hii: aliyelichagua ndiye abebaye. Mwenye gari akienda dukani mwenyewe na kurudi na sanduku begani, fundi alipwe kazi yake ya kufunga hata likikataa kutembea, maadamu amefunga vizuri. Fundi akisema, "Nipe fedha, nitakutafutia zuri," amekwisha kuwa mwuzaji, na wala asijifiche nyuma ya mwenye duka.

Mara nyingi wazee wakiitwa kuamua husema, "Gawaneni hasara nusu kwa nusu, mkae kwa amani." Twaiheshimu amani, lakini nusu kwa nusu si haki ya kila siku. Fundi aliyefunga kwa uaminifu akilipishwa nusu amedhulumiwa nusu, na mwongo aliyesamehewa nusu amefaidika nusu. Ikiwa wote wawili wamekosa, huyu kwa kutouliza na yule kwa kutosema, kugawana kwafaa, wala si lazima sehemu ziwe sawa. Na ikiwa ni bahati mbaya tupu, chuma kilichokuwa na ufa ndani ambao jicho halikuweza kuuona, basi hasara yabaki kwa mwenye mali, kama vile mvua ikibomoa nyumba. Ingawa fundi mwungwana katika hali hiyo hupunguza ujira wa kazi ya pili, kwa hiari yake.

Basi kabla ya maamuzi yote hayo lazima kwanza ijulikane sanduku limekufa kwa nini, na ujuzi huo hupatikana mara moja tu, siku linapofunguliwa. Mali bila daftari huisha bila habari: siku ya kupokea gari na iandikwe mileji, na iandikwe kama injini imeongezwa nguvu, na aina ya oili itakayotiwa, na vyombo vilivyobadilishwa, vya zamani na virudishwe kwa mwenyewe katika kopo, kama mchungaji alivyouleta mzoga wa kondoo wake. Na likivunjika tena, lisifunguliwe na mmoja peke yake. Wawepo wote wawili, na fundi wa tatu asiye na fungu. Oili imwagwe katika beseni safi, itazamwe juani: ikiwa nyeusi yenye harufu ya kuungua, yaelekea sahani zimeteleza, ikiwa na vipande vya chuma, vitafutwe vimetoka jino gani au beringi gani. Mabomba ya kupozea nayo yafunguliwe, ionekane kama yalioshwa. Kompyuta isomwe kabla ya kufuta lolote, maana mara nyingi huweka kumbukumbu za moto wa oili na za mtambo uliozimwa. Lakini mwenye gari akilivuta gari lake usiku kwa hasira, akalipeleka kwa fundi mwingine, naye akalifungua, akaosha kila kitu na kutupa oili, basi hata kadhi mwenye hekima hana tena la kupima, ila maneno ya watu wawili waliokasirika na la mtu wa tatu anayeitaka kazi.